Danar Yuko na Bibi

Asubuhi ile Wening alifagia uwanja, akawarushia kuku pumba, kisha akamtoa mdogo wake Danar kitandani kwa kumvuta mguu. Kazi hizo alizifanya kila siku, lakini leo alizifanya mbiombio, maana ilikuwa siku ya mwisho ya Shaabani. Kwetu Kalipucung, na katika vijiji vyote vilivyo chini ya mlima Merapi, siku ya kuvunja jungu hakuna anayebaki nyumbani. Watu huenda kwenye chemchemi kuoga ili waupokee mfungo wakiwa safi. Na kwa kuwa wameshafika huko, wanakula, wanaogelea na kupiga picha mpaka wanasahau kilichowapeleka.

Mama yake Wening aliingoja siku hiyo kuliko hata watoto. Mwaka mzima alikuwa ameinamia cherehani akishona nguo za watu, na mgongo wake ulikuwa haumpi raha. Alitaka jambo moja tu: aketi katika bwawa la wanawake, maji yamfike shingoni, aoshe nywele zake kwa majivu ya mabua ya mpunga kama alivyofundishwa na mama yake, bila mtu kumwita. Ndiyo maana, kabla hawajapanda gari, alimshika Wening bega.

"Leo Danar ni wako mpaka nitoke majini," alisema. "Hajui kuogelea, na unajua alivyo. Ukichoka, njoo uniambie, nitatoka."

"Sichoki, Mama," Wening alijibu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alipenda kuaminiwa.

Walisafiri nyuma ya pikapu pamoja na majirani, wamebanana na mikeka na vyombo vya chakula. Mjomba Wiryo, kaka yake mama, alisema kwamba Bibi akiingia tu kwenye chemchemi maji yatafurika mpaka mashambani. Bibi alikuwa amekalia ndoo iliyofunikwa, akamjibu bila hata kumtazama kwamba yeye Wiryo, hata akikaa majini mpaka Idi, hatatakata. Gari zima lilicheka, na Danar akacheka kuliko wote ingawa hakuelewa neno.

Chemchemi ya Sendang Wungu ilikuwa imejaa watu hadi pa kukanyaga hapakuonekana. Mama aliingia bwawa la wanawake, lile lenye ukuta. Bibi alipanda kwenye chemchemi ndogo ya juu, wanakoogea wazee kwa kujimwagia maji kwa kata. Mjomba Wiryo alibaki kwenye mkeka kulinda chakula, kazi aliyoiomba mwenyewe na ambayo kila mtu alijua kwa nini ameiomba. Wening alimshika Danar mkono, wakazunguka bwawa kubwa.

Danar hakutaka kuona bwawa. Chini ya mtini mmoja, kando ya mfereji unaopeleka maji mashambani, alikuwako mzee anayeuza samaki wadogo wa rangi ndani ya karai. Danar alichuchumaa mbele ya karai lile na kukataa kuondoka. Mfereji ule haukuwa mpana, lakini maji yake yalikwenda kasi, kwa hiyo Wening alisimama kati yake na mtoto. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, na jua lilikuwa kali.

Hapo ndipo alipokuja Ratri, rafiki yake wa shuleni, amelowa chapachapa. Chini ya bwawa kubwa walikuwa wamezamisha pikipiki kuukuu. Mtu akiweza kubana pumzi, anazama, anaikalia na kupigwa picha kama anayekwenda sokoni. Darasa zima lilikuwa limeizungumzia pikipiki hiyo mwezi mzima.

"Zamu yetu imefika," Ratri alisema. "Kaka yangu ana simu isiyoingia maji. Usipokuja sasa, basi tena mpaka mwakani."

"Na huyu je?"

"Kwani ataenda wapi? Mtazame alivyo. Hata ukimwita hasikii."

Wening alimtazama mdogo wake, akautazama mfereji, akamtazama Ratri. Kisha aliinama.

"Danar, nakuja sasa hivi. Usiondoke hapa mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia," Danar alisema bila kuinua macho.

Ile zamu iliyofika ilikuwa bado haijafika. Kulikuwa na foleni, na mbele yao walikuwako vijana ambao kila mmoja alitaka picha ya pili kwa sababu katika ya kwanza alifumba macho. Wening aliwaza kurudi, lakini kila alipotaka kuondoka foleni ilisogea kidogo. Mwishowe alizama, akaikalia pikipiki, akapigwa picha, akaibuka akicheka. Alipopangusa macho alimwona mama yake amesimama ukingoni, kichwa chake kimejaa majivu, yuko njiani kufuata kopo lake la sabuni kwenye mkeka.

"Danar yuko wapi?"

"Yuko na Bibi," Wening alisema.

Hakuwa amepanga kudanganya. Jibu lilitoka lenyewe, jepesi, na lilikuwa zuri kiasi kwamba hata yeye lilimshangaza. Angekwenda kumchukua Danar mara moja na hakuna ambaye angejua. Mama alishusha pumzi, akasema vizuri, akapitia sabuni yake kwenye mkeka na kurudi kwenye maji yake.

Wening alikimbia hadi kwenye mtini. Karai halikuwapo, wala mzee, wala Danar. Akadhani amekosea mti, akaenda mwingine. Hapo pia mizizi ilining'inia vilevile na mfereji ulipita vilevile, lakini chini yake walikaa wanawake wanaokaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Akaenda wa tatu. Akarudi wa kwanza, na sasa hakuwa na uhakika kama kweli huo ndio wa kwanza. Aliwauliza wale wanawake kama wamemwona mtu wa samaki. Mmoja alisema walinzi wamewahamisha wachuuzi wote waliokuwa karibu na mfereji. Mwenzake alisema hajaona samaki yeyote tangu asubuhi.

Kipaza sauti kikakoroma juu ya mlingoti. Sauti ya mwanamume ilitangaza kwamba ofisini yuko mtoto wa kiume, kaptura nyekundu, anasema jina lake ni Tole, mzazi wake aje amchukue. Watu waliangua kicheko. Kwetu Tole si jina la mtu. Ndivyo kila mzee anavyomwita kila mvulana mdogo, na siku ile Sendang Wungu kulikuwa na akina Tole mia na zaidi. Baba mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kuchagua.

Wening hakucheka. Danar alikuwa amevaa kaptura nyekundu. Lakini kila alipogeuza macho aliona kaptura nyekundu, na Danar alilijua jina lake vizuri. Au hakulijua? Nyumbani Bibi alimwita nani? Alianza kwenda upande wa ofisi, na njiani akakutana na Mjomba Wiryo anayetafuna kitu.

"Mjomba, umemwona Danar?"

"Danar? Si yuko na Bibi," Mjomba alisema. "Amempeleka kule juu, anamwogesha na kumfundisha kutawadha. Njoo ule, acha kuhangaika."

Sasa ona jambo la ajabu. Mama alikuwa amepita kwenye mkeka, akamwambia Mjomba kwamba mtoto yuko na Bibi. Mjomba Wiryo hawezi kupeleka habari bila kuitia chumvi, akaongeza kuoga na kutawadha. Uongo wa Wening ulizunguka chemchemi nzima, ukanenepa, ukarudi kwake, naye hakuutambua. Mtu mzima ameusema kwa utulivu, mdomo umejaa, basi lazima ni kweli. Labda Bibi alishuka akamwona Danar peke yake akamchukua. Wening alifarijika hadi machozi yakamlenga. Alifuatana na Mjomba hadi kwenye mkeka, akala.

Mama alitoka bwawani mapema kidogo, kwa kuwa njaa ilimzidi. Nywele zake zilikuwa bado hazijasuuzwa vizuri, na alisema atarudi kuzimalizia baada ya kula. Akafungua chombo cha wali. Wakati huohuo Bibi aliteremka ngazi za mawe polepole, khanga begani, mkono mmoja ukishika kata. Mkono wa pili haukushika kitu.

"Danar umemwacha wapi?" Mama aliuliza.

"Mimi?" Bibi alisema. "Sijamwona tangu tuliposhuka garini."

Mama alimgeukia Mjomba. Mjomba alisema yeye ameambiwa na Mama. Mama alisema yeye ameambiwa na Wening. Kisha, badala ya kumtazama Wening, Mama aliinuka na kuanza kupanda zile ngazi mbio. Alidhani mtoto alimfuata Bibi akateleza huko juu, kati ya mawe. Hata sasa alikuwa bado anaamini neno la binti yake.

Wening alimwona mama yake anakwenda upande ambao Danar hakuwahi kufika. Angenyamaza, wangetafuta huko mpaka jua lizame. Alisimama, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Mama, si huko. Hakuwa na Bibi. Nilikudanganya. Nilimwacha kwenye samaki, kando ya mfereji, nikaenda kupiga picha."

Mama alisimama palepale. Hakupiga kelele. Aliuliza samaki gani, mfereji wa wapi, na Wening hakuweza kueleza kwa sababu miti yote ilikuwa imechanganyika kichwani mwake. Kisha akakumbuka kipaza sauti.

Ofisini walimkuta mlinzi na kiti kitupu. Alisema mtoto aliletwa na mzee wa samaki alipohamishwa, naye akamtangaza mara mbili, hakuna aliyekuja. Mtoto alilia muda wote kwamba amekatazwa kuondoka kule. Mlinzi aligeuka kidogo tu kumpa mtu ufunguo wa choo, na alipogeuka tena kiti hakikuwa na mtu.

"Tulikusikia ukitangaza," Mama alisema taratibu. "Nilikuwa majini. Nilicheka na wenzangu."

Mjomba Wiryo alitupa shati lake chini, akakimbilia bwawa kubwa. Mama na Wening waliufuata mfereji. Maji yalikuwa meupe, na Wening aliyachungulia akiogopa kuona chochote chekundu. Walipita mti wa kwanza, wakawapita wanawake wa tempe. Mama alikuwa akimwita Danar kwa sauti iliyokauka, na watu walikuwa wakiwapisha bila kuuliza.

Chini ya mti wa mwisho alisimama mtoto mdogo, kaptura nyekundu, mikono mgongoni, hatua moja kutoka majini. Hakuwa akicheza. Alikuwa amesimama tu.

Mama alimnyakua na kumkumbatia. Danar alimchungulia dada yake juu ya bega la mama, macho yamevimba.

"Umechelewa," alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Mimi niliondoka kidogo, Dada. Yule babu wa samaki alinibeba. Lakini nilirudi."

Wening aliketi chini kwenye vumbi, akalia. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amekiri kosa ambalo hata si lake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Waliporudi kwenye mkeka, Mjomba Wiryo, amelowa hadi suruali, aliapa kwamba hatatia chumvi habari ya mtu tena, na Bibi akasema hiyo angependa kuiona. Wening aliwaomba radhi mmoja mmoja, kama watu wafanyavyo siku ile kabla ya kufunga, lakini miaka mingine aliyasema maneno hayo kwa kuyakariri tu. Alimwendea mama yake mwisho. Majivu yalikuwa yamemkaukia Mama kichwani.

"Kumwacha peke yake lilikuwa kosa," Mama alimwambia. "Ungeniambia, ningekugombeza, halafu tungekwenda pamoja kumchukua. Lakini uliniambia yuko na Bibi, na mimi nikaacha kumtafuta. Mwanangu yuko peke yake kando ya maji, nami najipaka sabuni. Ndicho kilichofanywa na uongo wako, Wening. Ulinifunga miguu."

Kisha Mama akachukua kopo lake la sabuni.

"Nakwenda kusuuza nywele. Danar ni wako."

"Bado unaniamini?"

"Nitajua nikitoka," Mama alisema, akavua kandambili zake na kwenda.

Safari hii Wening hakumwachia Danar mkono hata alipokuja Ratri kuonyesha picha. Mama alipotoka, nywele zake zikiwa nyeusi zinang'aa, aliwakuta wamekaa palepale. Wening alisimama kabla hajaulizwa.

"Danar huyu hapa, Mama. Lakini kandambili yako moja imekwenda na maji. Aliitupa ndani ya mfereji, huu unaopita nyuma ya mkeka, aone kama itaelea. Nilikuwa nimemshika mkono, nikatazama picha ya Ratri, sikumwona."

Mama alikitazama kile kiatu kimoja kilichobaki. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, alicheka.

"Sasa najua kile kingine kilipo, na najua hakirudi," alisema. "Kumwambia mtu kweli ni kumsaidia aujue mzigo wake. Twendeni nyumbani."

Akapanda pikapu pekupeku, akampakata Danar, na upande wake mwingine akamwachia Wening nafasi.