Mteule Mbele ya Mpimahulka

Sindano ya Mpimahulka ilipanda hadi themanini na sita, ikatetemeka kidogo, ikatulia hapo. Katika Ukumbi wa Uthibitisho jijini Dodoma, wabunge tisa waliacha kupekua makabrasha yao. Sindano ikigusa tisini, hakuna kura. Jina la mteule hurudishwa Ikulu siku hiyo hiyo, na mwenye jina hateuliwi tena maisha yake yote.

Mteule alikuwa Dakta Stamili Gama, mwanamke wa miaka hamsini na minne, aliyependekezwa na Rais kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mvua. Katika mwaka huo wa 2091 mvua ilikuwa ikitengenezwa, kwa ndege zisizo na rubani zilizonyunyizia mawingu chumvi. Tatizo ni kwamba mawingu yalikuwa machache na mikoa mingi, na Mkurugenzi ndiye aliyeamua nani anyeshewe. Wakurugenzi watatu waliotangulia walinyeshea kwao. Dakta Gama alikuwa na mpango wa kugawa mawingu kwa zamu, na alikuwa ameupigania miaka ishirini mbele ya watu waliompuuza.

Nyuma ya mtambo aliketi Mhandisi Aidan Luhwago, jasho likimtiririka ingawa viyoyozi vilinguruma. Yeye ndiye aliyeufundisha Mpimahulka. Mtambo ulisoma kila kilichowahi kunaswa kuhusu mteule, kuanzia barua na simu hadi video za sherehe, kisha ukapima chuki aliyo nayo mtu huyo moyoni. Wabunge waliupenda sana. Zamani kumchunguza mteule kulichukua wiki tatu za kelele. Sasa ni dakika arobaini, na hakuna wa kulaumiwa.

Kilichoipandisha sindano kilikuwa bado kinaonekana kwenye kioo kikubwa ukutani. Ilikuwa video ya msibani, Iringa, miaka tisa iliyopita. Dakta Gama alikuwa amevaa kanga ya marehemu, akiiga mwendo wake wa kuchechemea mbele ya waombolezaji. Kisha akaruka ndani ya kaburi lililo wazi, akajilaza chali na kupiga kelele kwamba jeneza halishuki. "Mchoyo huyu apelekwe kwingine! Hata ardhi itamkataa!"

"Mungu wangu," alisema Mheshimiwa Ferouz, mbunge kijana aliyezaliwa na kukulia mjini. "Huyu ndiye tumkabidhi mvua ya watu?"

Dakta Gama alifungua mdomo kujibu, akaitazama sindano, akaufunga. Kila neno lililosemwa ukumbini lilipimwa papo hapo.

Luhwago aliitazama video ile. Marehemu alikuwa mama yake mzazi. Kufikia siku ile Luhwago alikuwa amekaa siku mbili bila kula wala kulia, hadi Mngoni huyu, jirani yao na mtani wao, alipojitosa kaburini na kumfanya acheke mbele za watu. Baada ya kucheka ndipo machozi yalipotoka. Hajawahi kumshukuru, maana mtani hashukuriwi.

Kosa alilijua sasa, na lilikuwa lake. Alipoufundisha mtambo maana ya chuki, aliulisha mafaili ya mahakama, kesi milioni mbili za matusi na vitisho. Utani haumo mahakamani. Nani amewahi kumshtaki mtani wake? Kwa hiyo mtambo haukuuona hata mara moja, na yeye, Mhehe aliyelelewa kwa kutukanwa na Wangoni kila harusi na kila msiba, hakukumbuka kuuandika. Lilikuwa jambo la kawaida mno kwake.

Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Atupakisye Nsajigwa, aliinua nyundo. "Waheshimiwa, tupige kura."

Sheria ilimkataza mwendeshaji wa mtambo kusema lolote juu ya mteule. Adhabu yake ilikuwa kufutwa kazi. Luhwago alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mtambo umekosea. Ule si ukatili, ni utani. Marehemu yule alikuwa mama yangu."

Mwenyekiti aliishusha nyundo.

"Mhandisi," alisema Mwenyekiti polepole, "miaka saba unatuambia mtambo huu haukosei."

"Nilikuwa mjinga."

"Una ushahidi, au unamtetea jirani yako?"

Swali hilo alilitegemea, na jibu lake alilichukia. "Upimeni hapa hapa. Dakta anitanie mbele yenu. Mtaona kwa macho yenu kama ana chuki, na mtaona mtambo utasema nini."

"Mtambo ukisema tisini, jina lake linaondoka. Barua ya kumrudisha hujituma yenyewe. Siwezi kuizuia, sheria hiyo tuliitunga wenyewe." Mwenyekiti alimgeukia mteule. "Dakta, ukinyamaza, kura ipo. Huenda ukapita. Halazimishwi mtu hapa."

Dakta Gama aliikunja miwani yake, akaikunjua. Watu wa Ukanda wa Kati walikuwa wakisubiri mvua kwa mwaka wa nne. Ili afike kwenye kiti hiki, alikuwa ameishi miaka saba bila kumtania mtu. Luhwago alitamani kumwambia anyamaze, apite, kisha watayarekebisha haya baadaye. Lakini alijua hakuna baadaye. Mtambo ungeendelea kuaminiwa.

"Baba Luhwago," alisema Dakta Gama hatimaye.

Sindano haikutikisika.

"Wewe mtumwa wangu, nani amekupa ruhusa ya kusimama nikiwa nimekaa?"

Sindano ikaruka hadi themanini na tisa. Mtu mmoja akashusha pumzi kwa nguvu.

"Babu zangu walimkimbiza babu yako hadi akasahau viatu. Na mama yako, yule mchoyo, nilimwambia mtoto huyu ana kichwa kikubwa kisicho na kitu, mrudishe! Akakataa. Ona sasa, kichwa kimezaa bati linalopima watu!"

Mbunge mzee wa Songea ndiye aliyeanza kucheka, akifuatiwa na Mwenyekiti mwenyewe, kisha ukumbi mzima, hata Mheshimiwa Ferouz ambaye hakuelewa vizuri alichokuwa akikicheka. Luhwago alicheka hadi akashika meza. "Viatu aliwaachia, maana mlikuwa mnakimbia peku, Mngoni wewe!" alijibu, na mtambo ukalipima hata jibu hilo.

Tisini na saba. Taa nyekundu iliwaka, na kioo ukutani kikaandika kwamba barua imepokelewa Ikulu.

Kicheko kilikufa taratibu. Dakta Gama alivaa miwani, akakusanya ramani zake za mawingu bila haraka. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Tumeona," alisema Mwenyekiti. Alikuwa amezeeka ghafla. "Mhandisi, kabla hujatoka. Wangapi tumewarudisha kwa video kama hizi, za misiba na harusi?"

Luhwago aliuuliza mtambo. Ulijibu kwa sekunde mbili. "Mia mbili na kumi na wanne, Mheshimiwa."

"Tuanze kuwasikiliza upya leo. Waitwe wote. Soma wa kwanza."

"Gervas Kiwanga, aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa Afya. Alirudishwa mwaka wa kwanza wa mtambo," alisoma Luhwago.

"Aitwe."

"Alifariki mwaka juzi, Mheshimiwa. Nilikuwepo msibani." Alimtazama Dakta Gama, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Watani wake walikuja wote. Walivaa suti, wakakaa kwenye viti mbele ya kamera, wakanyamaza hadi tukamfukia."