Mashati Matano ya Mwalimu

"Mwalimu, haya mashati hukuyavaa."

Mpiga pasi hakupaza sauti. Alikuwa ameyatandaza yote matano kwenye kaunta ya duka la dobi, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha za mapafu yake. Mwalimu wa jiografia aliyatazama kama mtu aliyeletewa watoto asiowajua.

"Niliyavaa kidogo."

"Kidogo vipi? Vifungo nilivyofunga mimi Ijumaa bado vimefungwa. Na kikaratasi cha namba nilichokibana na pini hiki hapa. Uliingilia wapi?"

Huko nyuma, kwenye mashine, dada mfuaji alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Ukweli, ambao lazima uandikwe kwa heshima zote, ni kwamba shule zilikuwa zimefungwa wiki tatu na mwalimu hakuwa na pa kwenda. Kila Jumatatu alileta mashati masafi, kila Ijumaa akayachukua yakiwa masafi zaidi. Mpiga pasi aligundua tangu siku ya kwanza. Akanyamaza. Akayapitisha kwenye maji, akayapiga pasi upya, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, maana alijua akifungua mdomo tu mtu huyu hatarudi. Na wiki yake nzima ilikuwa na siku mbili, Jumatatu na Ijumaa. Zilizobaki zilikuwa mvuke.

Miaka kumi na moja alisimama nyuma ya dirisha la duka lile. Kwa kutazama nguo tu alijua nani kanenepa, nani kagombana na mkewe, nani anajifungia vifungo mwenyewe siku hizi. Yeye hakuna aliyejua lolote juu yake. Jioni alirudi kwenye chumba chenye kitanda kimoja na kikombe kimoja, akakiosha kikombe mara mbili ili apate shughuli.

Mbona basi leo kasema? Kwa sababu alikuwa amepata kazi ya kusimamia chumba cha nguo katika hoteli moja, mji wa mbali, na basi lilikuwa la Jumamosi asubuhi. Dada mfuaji alikuwa amemkazania wiki nzima: shoga, mwambie, usije ukaondoka na maneno yako tumboni.

Mwalimu alijieleza kwa kirefu, akianzia mbali kama walimu wote. Nyumba yake ni kubwa. Shule ikifungwa, sauti anayoisikia ni ya redio, na redio haimuulizi kitu. Mwisho akaishiwa na utangulizi.

"Hapa kuna mtu ananiuliza kama nataka mikono ikunjwe."

"Mtu huyo anaondoka Jumamosi," mpiga pasi akasema. "Harudi."

Mwalimu akampa hongera. Akafika mlangoni, akasimama, akarudi.

"Usiende."

"Nibaki nifanye nini?"

Hapo mwanamume mwingine yeyote angedanganya vizuri. Huyu, ukiacha ya mashati, kwa bahati mbaya alikuwa mkweli. Akafikiri.

"Uwepo tu. Hapo dirishani. Nikija nikukute."

Mpiga pasi alinyoosha kola ya shati la juu. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma.

"Hiyo kazi nimeifanya miaka kumi na moja, Mwalimu. Njoo wewe."

Mwalimu, aliyefundisha mito ya mabara yote lakini asiyewahi kuvuka ule ulio mwisho wa mji, akaanza habari za taratibu: mwalimu hahami ovyo, kuna mkuu wa shule, kuna kibali. Mpiga pasi akayakunja mashati, akamsukumia.

"Haya ni masafi. Nenda nayo."

Hotelini alipiga pasi mashuka. Shuka halina kola wala kwapa, halisemi habari za mtu. Mamia kila siku, meupe yote. Alikula peke yake kwenye meza ya watu sita, simu kando ya sahani, kimya kama kijiko. Dada mfuaji alipiga simu mara moja tu, akamwambia mwalimu hajaonekana dukani, hata na soksi.

Siku ya ishirini, mchana, ujumbe ukaingia.

*Habari za huko. Ni mimi wa mashati. Namba nimepewa na dada mfuaji.*

*Nzuri. Siku hizi nani anakupigia pasi?*

*Mimi mwenyewe. Nimeunguza mawili.*

Alisubiri. Ukaja mwingine, mrefu.

*Shule zimefunguliwa, nimeomba uhamisho kuja huko. Fomu ina sehemu ya sababu. Niliandika: kuna mtu nampenda. Mkuu ameirudisha, anasema hiyo si sababu, na sasa walimu wote wameisoma. Ameniambia nibadilishe, nimekataa. Sitaki kudanganya juu yako.*

Mpiga pasi alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa juu ya kapu la mashuka. Neno alilolingoja Ijumaa zote zile lilikuwa limemfikia kupitia kwenye fomu, baada ya kusomwa na mkuu wa shule na mwalimu wa hesabu. Akajifuta uso kwa shuka la hoteli, kosa ambalo yeye mwenyewe, kama msimamizi, angeliandikia barua ya onyo.

Kisha akaandika:

*Mwalimu, andika afya. Hiyo wanaipitisha haraka.*