Ua la Asali la Katarina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanzala Machibya alibeba maziwa kutoka kwao Kawajense hadi kwenye nyumba za reli. Baba yake alikuwa na ng'ombe wachache aliokuja nao kutoka Usukumani. Mteja wa mwisho katika safari hiyo alikuwa Mama Katarina, mke wa fundi wa reli. Nyanzala, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alipenda kumalizia hapo kwa sababu ya ua lililotambaa kwenye baraza ya mama huyo.

Lilikuwa na kamba ndefu zilizopanda juu ya seng'enge hadi kwenye paa. Maua yake yalitoka mawili mawili, meupe, na baada ya siku moja au mbili yaligeuka manjano. Ukichomoa ua moja na kunyonya kitako chake, unapata tone tamu. Ndiyo maana watoto wote waliliita ua la asali.

Asubuhi moja ya mwezi Aprili, mwaka 1996, Mama Katarina alipokea chupa ya maziwa lakini hakuingia ndani.

"Nyanzala, mume wangu amehamishwa. Jumamosi tunapanda treni kwenda Tabora."

"Mtarudi lini, Mama Katarina?"

"Kurudi kukaa, hapana. Ila nitakuja siku ya Marehemu Wote, mwezi wa kumi na moja. Siwezi kuacha kumwombea mwanangu."

Nyanzala aliinamisha kichwa. Katarina, binti pekee wa mama huyo, alikuwa amefariki kwa malaria miaka miwili kabla ya hapo, akazikwa hapo hapo Mpanda. Yeye na Nyanzala walikuwa darasa moja, na walinyonya maua hayo pamoja.

"Nataka ua hili lipandwe kaburini kwake," Mama Katarina aliendelea. "Lakini mvua zinaisha, na makaburini hakuna wa kumwagilia. Nitakukatia vipandikizi vitatu, uvioteshe kwenu kiangazi chote. Nikija, tutapanda pamoja. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi litazame vizuri ulijue. Majani yanatoka mawili mawili, yanatazamana kama watu wanaoongea. Ukilikata, halitoi maziwa. Na zile punje nyeusi zinazokuja baada ya maua haziliwi. Porini kuna mimea ya kutambaa mingi, usije ukachanganya."

Nyanzala alifika nyumbani na vipandikizi vyake, akaviweka kivulini nyuma ya jiko. Kwao ndivyo walivyofanya na marando ya viazi vitamu: huachwa siku mbili tatu yanyauke kidogo, kisha yanapandwa kwenye matuta na kushika vizuri. Hakumuuliza mtu, kwa kuwa alidhani anajua. Siku ya tatu alivipanda. Baada ya wiki mbili vilikuwa vimekauka kama kuni.

Alikimbia hadi kwenye nyumba za reli kuomba vingine. Baraza ilikuwa tupu. Mpangaji mpya, Bwana Gelasius, alikuwa amekata kila kitu na kuchoma moto.

Siku hiyo Nyanzala hakumwambia mama yake lolote. Jumamosi iliyofuata alikwenda kutafuta kuni upande wa Magamba na rafiki yake Sikujua. Huko waliona mmea unaotambaa juu ya kichaka, wenye matumba meupe ya maua.

"Si ndilo hili?" aliuliza Sikujua.

Nyanzala alivunja jani. Utomvu mweupe ukatiririka kidoleni. Tena majani yalitoka moja moja, huku na huku.

"Silo," alisema.

"Limefanana. Mtu akiwa anatoka Tabora na uchovu wa treni, atahesabu majani? Wewe chimba."

Nyanzala alichimba. Alilipanda kando ya ukuta wa jiko, akaliegemezea miti. Mama yake alilisifia. "Hilo la Mama Katarina limeshika kweli," alisema, na Nyanzala akajifanya anachochea moto.

Mwezi Septemba likachanua maua mengi meupe. Jioni moja mdogo wake Monika, mwenye miaka mitano, alichuma manne akayanyonya, kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Muda mfupi baadaye midomo yake ilivimba, akaanza kulia na kutapika. Mama alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati, Nyanzala akifuata nyuma.

"Amekula nini?" aliuliza muuguzi.

"Ua la asali tu," alisema mama. "Hilo halina shida, watoto wote wananyonya."

Muuguzi alikunja uso. "Basi tutafute sababu nyingine. Mchana alikula nini?"

Nyanzala alisimama mlangoni. Alijua kwamba akinyamaza, siri yake itabaki salama. Lakini muuguzi alikuwa akitafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na Monika alikuwa akitapika tena.

"Si ua la asali," alisema. "Nililichimba porini. Linatoa maziwa meupe. Vipandikizi vya Mama Katarina vilikufa."

Mama aligeuka akamtazama. Muuguzi alimsafisha Monika kinywa kwa maji mengi, akampa dawa na kukaa naye. Kufikia asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua.

Waliporudi nyumbani, mama alimpa Nyanzala jembe na kitambaa cha kufunga mikono.

"Ling'oe lote, mizizi na yote. Halafu niambie, ahadi ya watu utafanyaje?"

"Nitatafuta lile la kweli."

"Utalitafuta wapi, na lilichomwa?"

"Sijui. Lakini nitalitafuta."

Jioni hiyo Nyanzala alibisha hodi kwa Bwana Gelasius, akamweleza yote bila kuficha.

"Nililikata mimi," alisema Bwana Gelasius. "Nyoka kwenye paa langu hapana. Lakini tafuta, sikuzuii. Ukimaliza, unifagilie uwanja."

Siku ya kwanza alichimba pale barazani, akapata kisiki cheusi kisicho na uhai. Siku ya pili alizunguka uwanja wote, akaambulia kufagia tu. Bwana Gelasius alimcheka. "Wewe binti, ungekuwa unatafuta dhahabu ungeshatajirika."

Siku ya tatu alikwenda nyuma ya bafu, mahali maji ya kuogea yanapotokea. Chini ya majani makavu aliona kamba nyembamba iliyopita chini ya seng'enge. Ilikuwa imelala ardhini na kuota mizizi kwenye kifundo, ikinywa maji hayo kiangazi chote. Majani yake yalitoka mawili mawili, yakitazamana. Alivunja ncha moja kwa uangalifu. Hakukuwa na maziwa.

Bwana Gelasius mwenyewe alileta jembe. Walilichimba na udongo wake, wakalitia kwenye kopo kuukuu. Safari hii Nyanzala hakuliacha kivulini linyauke. Alilipanda kwao saa ile ile na kulijengea kibanda kidogo cha nyasi.

Jua la Oktoba lilikuwa kali, na foleni ya kisimani ilikuwa ndefu. Nyanzala aliamka mapema zaidi, na maji aliyosuuzia vyombo hakuyamwaga tena. Kila jioni alipiga magoti na kusema, "Mungu, siombi maua. Naomba tu lisife."

Halikufa. Lakini siku ya Marehemu Wote ilipofika lilikuwa na urefu wa shubiri moja na majani jozi tano.

"Hilo ndilo la miezi sita?" aliuliza Sikujua. "Mwambie mbuzi walilila. Mbuzi hawatakuja kubisha."

Nyanzala alicheka kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Sikujua, mimi uongo nimeshauonja. Uliingia kinywani mwa Monika."

Mama Katarina alifika akiwa na mishumaa mkononi. Nyanzala alimwamkia, akamwonyesha kile kimche, na kabla hajaulizwa alianza kueleza: vipandikizi kivulini, ua la porini, zahanati, nyuma ya bafu. Hakuruka kitu.

"Monika amepona?" aliuliza Mama Katarina.

"Amepona."

"Mungu ashukuriwe."

Walikwenda nalo makaburini pamoja. Mvua ya kwanza ilikuwa imelainisha udongo. Nyanzala alichimba shimo, Mama Katarina akaliingiza lile ua dogo na kulishindilia kwa viganja vyake. Wakasali. Kisha mama huyo alimshika Nyanzala bega.

"Sikiliza, mwanangu. Kutojua si dhambi. Hata mimi sikukwambia uvipande siku ile ile. Lakini asiyejua huuliza, na aliyekosea husema. Kama ungenionyesha lile la porini na maua yake mengi, ningepiga magoti hapa kumshukuru Mungu kwa kitu kisichokuwepo. Hili ni dogo, lakini ni la Katarina. Na limeshika kwa sababu hukukata tamaa."

Alipangusa udongo mikononi, akawasha mshumaa, akampa Nyanzala auweke mwenyewe.