Friji ya Sita

Mitwero nzima wananijua kwa mdomo wangu. Muuza samaki akipunja, nasema. Padri akirefusha mahubiri, nasema. Sasa mtu akiniuliza kwa nini siku ile moja, mchana kweupe, nilifungua kinywa na lisitoke neno la maana, sina jibu. Nitasimulia tu ilivyokuwa, nawe utaniambia ungesema nini.

Mdogo wangu Sixbert ni fundi wa friji. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja. Ana mkono mwepesi na moyo mzuri, ila ana ugonjwa mmoja tangu utotoni: kila kinachotambaa anakitaka. Wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga kenge. Zile friji za vioo zinazokaa madukani na soda, zikishakufa mashine, hakuzitupa. Alizitoboa matundu ya hewa, akafunga balbu ndani, zikawa nyumba za joto. Ya kwanza ya kobe, ya pili ya kinyonga, kisha guruguru, kenge, na chatu mchanga. Friji tano zimejipanga kibarazani, na ekstensheni moja yenye matundu matano imetokezea dirishani kuziwasha zote.

Mpaka aliuweka wifi yangu Magdalena. "Tano, Baba Stella," alimwambia mbele yangu. "Siku wa sita akiingia kwa geti hili, mimi na mwanangu tunatokea kwa geti hilohilo." Magdalena hasemi mara mbili. Sixbert alicheka, akaapa, na naamini siku ile aliapa kweli. Fundi anajua waya unabeba nini na haubebi nini.

Stella ndiye mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza, na mdomo kama wa shangazi yake. Alipokuwa na miaka mitatu mlango wa friji ulimbana mkono wa kulia karakanani, ukaondoka na ncha ya kidole cha mwisho. Tulilia sana wakati ule, lakini mtoto ni mtoto, akijifunza kuhesabu kwa vidole alikuwa akifika mwisho anasema, "Tisa na kidogo!" Kila mgeni aliyekuja lazima ahesabiwe vidole vile. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Mwezi wa sita, shule zimefungwa, dada yake Magdalena anayeuza chakula stendi ya Nangurukuru alifanyiwa upasuaji. Magdalena akaenda kumshikia kibanda chake. Stella akabaki na baba yake. Kula na kuoga kwangu, kulala kwao.

Juma la pili, saa nne asubuhi, akaja Hussen Likwata kutoka Kilangala na ndoo iliyofunikwa kwa gunia. Hussen ni mkulima wa korosho, mtu mzima, si mtu wa maneno mengi. Ndiye aliyemletea Sixbert yule kobe.

"Nilikuwa nang'oa kisiki cha mkorosho wa babu," alisema. "Alikuwa chini huko, amejikunja kwenye mizizi. Fundi, sisi mijusi tunaijua, nyoka tunawajua. Huyu hatumjui. Mtazame tu. Usipomtaka namrudisha leo hii, kabla shimo halijafukiwa."

Nilichungulia. Urefu wake kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko. Rangi ya jivu lililolowa. Hakuwa mbaya. Kilichonikera ni macho, maana alikuwa anapepesa taratibu, kama mtu anayesikiliza mazungumzo asiyotaka yamalizike.

"Mrudishe," nikasema.

Sixbert alikuwa ameshapiga magoti mbele ya ndoo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Friji ya sita ilikuwepo, lakini kibarazani hapakuwa na nafasi, na ekstensheni haikuwa na tundu. Akaiingiza chumbani kwa Stella, bila balbu, bila joto. "Siku mbili tatu tu, dada," aliniambia. "Nikipata waya mwingine namhamisha. Mama Stella akirudi, nitakuwa nimeshamrudishia Hussen." Kisha akanishika mkono. "Usimpigie simu. Nakuomba." Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nikasema sawa. Kunyamaza kwangu kulianzia hapo.

Sasa nisikilize hapa. Kwetu, tangu kwa bibi zetu huko Newala, mtoto aking'oka jino la utoto analigeuzia paa la nyumba kisogo, analirusha jino juu bila kutazama, na anasema: "Mjusi, chukua langu, nipe lako." Mjusi, wazee walisema, haishiwi meno. Maneno hayo Stella alifundishwa na mimi. Kisogo nilimfundisha pia, ila sikumwambia kwa nini, maana hata mimi sikuwahi kuambiwa.

Jumatatu jino lake la mbele likang'oka, lile lenye doa la kahawia. Nikamkuta chumbani, mlango wa friji uko wazi, mkono ameuingiza ndani.

"Unafanya nini wewe?"

"Nampa jino, shangazi. Wa paani simwoni. Huyu si yuko hapa?"

"Umesema maneno?"

"Nimesema. Chukua langu, nipe lako."

"Huku unamtazama?"

"Ndiyo." Akatabasamu na pengo lake. "Akakubali."

Nilifunga ile friji, nikampiga kofi dogo la mkono, nikaenda kugeuza maandazi yangu. Nilidhani yameisha.

Jino jipya liliota siku ya nne. Jino la mtoto halioti siku ya nne. Lilikuwa jembamba, limepindia ndani, na kwenye ncha lilikuwa kali kiasi cha kunichana kidole nilipoligusa. Juma lilelile yakang'oka mengine matatu, yakaota ya namna hiyohiyo. Nikamuuliza yale yaliyong'oka yako wapi. Akaitazama friji. Stella, ambaye hajawahi kukosa jibu.

Tukampeleka zahanati. Mganga akatazama, akasema meno yanaota vibaya, atakua, yatanyooka. Akamshika mkono, akashtuka. "Mbona wa baridi?" Akapima homa. Hakuna homa. Akaandika dawa ya minyoo.

Baada ya hapo kila mchana, jua la utosi, saa saba hata mbwa wamejificha, Stella alikuwa akilala kifudifudi juu ya sakafu ya saruji uani. Hatikisiki. Nikimvuta kivulini anarudi. Uji hataki, wali hataki. Nilikuta maganda ya mayai mabichi chini ya mto wake, yametobolewa tundu moja safi.

Na ile friji isiyo na balbu ikaanza kutoa jasho.

Kwa ndani. Kioo kizima kilikuwa na ukungu, kama sufuria iliyofunikwa ikiwa jikoni. Niliweka kiganja. Kioo kilikuwa na joto la paji la mtoto mwenye homa. Nikamwita Sixbert, naye akaweka kiganja chake, na mdogo wangu ambaye hajawahi kuogopa chatu akakivuta nyuma haraka.

Siku hiyohiyo alimtia kwenye ndoo, akapanda bodaboda kwenda Kilangala, kumrudisha shimoni. Hussen alikuwa anamngoja na jembe. Mimi nilibaki na Stella. Hawajafika nusu ya njia, mtoto akaanguka. Macho wazi. Kifua hakipandi. Nikampigia Sixbert, nikapiga kelele kwenye simu neno moja tu. Rudi. Rudi. Rudi. Pikipiki ilipoingia getini, Stella akavuta pumzi.

"Basi muue," Hussen alisema jioni kwenye simu.

"Nikimuua," Sixbert akanong'ona, "namuua nani?"

Hussen akakata simu, na hajakanyaga Mitwero tena.

Tulijaribu kuyarudisha maneno. Tukamketisha Stella mbele ya friji, nikamshika mabega yale ya baridi. "Mwanangu, sema. Chukua lako, nipe langu. Sema mara moja tu, shangazi atakununulia chochote." Alitutazama, mimi kisha baba yake. Akapepesa taratibu.

"Sitaki," akasema.

Nyuma ya kioo kitu kilikuwa kinajigonga.

Usinicheke nikikwambia kwamba baada ya hapo Sixbert alitoka, akafungua friji zote tano za kibarazani, akawabeba kobe, kinyonga, guruguru, kenge na chatu akawaachia porini nyuma ya Mitwero. Alidhani akiwapunguza hao, labda mwanawe atarudishwa. Alilia huku akimweka kobe majanini. Mtaka yote hukosa yote, na safari hii hata sikuwa na hamu ya kumwambia.

Jumamosi, saa sita mchana, bajaji ikasimama getini. Magdalena. Dada yake alikuwa amepata nafuu, naye hakutoa taarifa, alitaka kumshangaza mwanawe.

"Stella wangu!"

Aliyelala juu ya saruji akainuka. Akatembea hadi kwa mama yake, akamkumbatia kiunoni. Magdalena akambusu kichwani. "Mbona wa baridi hivi, mama?" Alikuwa anacheka. Mwezi na zaidi hakumwona.

Mle chumbani kioo kikagongwa.

Niliingia mbio. Ukungu ulikuwa umefutika sehemu moja. Alikuwa amesimama wima, yule wa jivu, ameegemea kioo kwa kiganja. Kinywa wazi. Ndani ya kinywa, meno manne madogo meupe. La mbele lilikuwa na doa la kahawia. Macho yalikuwa yanatiririka maji. Hakuwa na sauti. Lakini midomo ilikuwa inakutana na kuachana, inakutana na kuachana, mara mbili, kisha tena mara mbili, na neno la namna hiyo kila mzazi analijua.

Uani nikasikia sauti nyingine, tulivu.

"Mama, baba ameleta wa sita."

Nilipotoka, Magdalena alikuwa ameshaona friji tano tupu, na Sixbert amepiga magoti mchangani. Hakumuuliza kitu. Neno lake lilikuwa moja tangu zamani. Begi lilikuwa bado kwenye bajaji. Alimshika Stella mkono, akamgeuza kuelekea getini. Pale getini akanitazama, maana mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na uso wangu bila shaka haukuwa uso.

"Wifi, kuna jambo?"

Nilifungua kinywa. Ningesema nini? Mwache huyo uliyemshika, umchukue aliye kwenye friji? Mama gani angesikia? Stella alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nyuma yangu kioo kiligongwa haraka haraka. Kwa udhaifu. Nyumba yangu iko hapa, mdomo wangu huu wa Mitwero nzima uko hapa, na nilichosema ni hiki:

"Safari njema, wifi."

Yule wa kwenye friji akafa siku ya tatu. Sixbert hakutoka kwenye chumba kile. Alimtoa nje ya kioo, akamweka kifuani, na alisema alikuwa wa moto mpaka dakika ya mwisho. Akamfunga kwa sweta ya shule ya Stella na kumzika nyuma ya nyumba. Akachomeka msalaba wa vijiti.

Nangurukuru kwa simu kila kitu kilikuwa kizuri. Stella ameanza shule huko. Stella mtulivu sana, walimu wanamsifu. Stella anapenda mayai, na mchana humkosi pembeni ya lami. Mimi nilijibu ndiyo, ndiyo, namshukuru Mungu. Mwaka ukakatika hivyo.

Juma lililopita wifi alinipigia asubuhi. Alikuwa analia, nami nikasema moyoni, amejua. Lakini alikuwa analia kwa furaha.

"Wifi Consolata! Sifa kwa Bwana! Kidole kimeota!"

"Kidole gani?"

"Cha Stella! Kile cha mwisho! Kimeota chote, na kucha yake! Daktari hapa anasema hajawahi kuona, Jumapili naenda kutoa shukrani kanisani. Ngoja umsikie, ngoja."

Kwa mbali nikasikia sauti ya mtoto, tulivu, ikihesabu. Ilipita nane. Ilipita tisa. Ikasema kumi.

Nilikuwa nimesimama kibarazani kwa Sixbert. Ile friji ya sita ipo pale, hakuna anayeitaka. Kwenye kioo chake, kwa ndani, kuna alama ya kiganja cha mtoto. Nimeiosha kwa sabuni, nimeiosha kwa mafuta ya taa, na Sixbert amesugua kwa msasa mpaka kioo kimechubuka. Kiganja hakitoki. Niliiweka simu chini nikiwa bado nasikia wifi akicheka, nikainama, nikavihesabu vile vidole kimoja kimoja kwa ncha ya kucha.

Vinne na kidogo.