Mikono Iliyosukuma Pikipiki ya Zuleha

Kitu cha kwanza kilichomshangaza Zuleha ni wepesi wa pikipiki.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza baada ya kutoka eda, mwezi wa sita mwaka 2013, na ukungu ulikuwa umeifunika Tunduma yote. Kwa miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa ndani, na pikipiki nayo ilikuwa imekaa uani chini ya turubai mpaka betri ikafa kabisa. Alipobonyeza stata haikutoa hata mlio. Kiki ilikuwa imeliwa meno tangu zamani, ukiikanyaga inazunguka bure. Na kule chini barabarani madereva wa malori waliolala foleni wakisubiri kuvuka kwenda Zambia walitaka chai na maandazi kabla jua halijatoka. Akafunga ndoo kwenye keria, akaisogeza pikipiki hadi mwanzo wa mteremko, akapanda, akaanza kujikokota kwa miguu.

Zamani kazi ya kusukuma ilikuwa ya mumewe. Idrisa alikuwa fundi wa kuziba pancha kando ya barabara kuu. Pikipiki ile aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na alichagua isiyo na klachi ya mkononi ili mkewe asipate tabu kujifunza. Betri ilipoanza kuchoka alimwonyesha jinsi ya kuiwasha bila betri. Alimwambia aweke gia ya pili na kuishindilia pedali kwa mguu bila kuuinua, kwa sababu mguu ukiwa umeshindilia, klachi inakuwa imeachia na gurudumu linazunguka bure. Yeye atasukuma. Mwendo ukikolea atasema "achia," Zuleha ainue mguu, klachi ishike, injini iwake. Basi kila alfajiri Idrisa alitoka na msuli wake, miguu peku, akasukuma. Hakushika keria. Aliweka viganja viwili mgongoni mwa mkewe, akisema keria ina ndoo, na kwamba hata bila ndoo angeshika hapohapo.

Idrisa alikufa jioni moja ya mwezi wa pili, jeki ilipoteleza akiwa chini ya lori.

Sasa, pale mteremkoni, Zuleha alikuwa hajapiga hata hatua tatu alipohisi uzito wa pikipiki umetoweka. Ilikuwa inakwenda yenyewe. Kisha, juu ya sweta na khanga mbili, akahisi viganja viwili mgongoni.

Vilikuwa baridi, lakini asubuhi yenyewe ilikuwa baridi. Mguu wake ulishindilia gia bila kuambiwa. Mwendo ulipokolea, aliinua mguu, injini ikanguruma na kuwaka. Hakugeuka kutazama nyuma. Aliuza chai asubuhi ile huku machozi yakimtoka, na madereva waliomfahamu Idrisa wakadhani wanajua analilia nini.

Aliporudi alimsimulia mama mkwe wake. Bi Siti alikuwa mwanamke wa Ujiji aliyeletwa mkoani huku na biashara ya marehemu mumewe, na Idrisa ndiye aliyekuwa mtoto wake pekee. Tangu siku ya msiba hakuna aliyemwona akilia. Alipokea watu, aligawa vyakula, alikunja nguo za mwanawe na kuzitoa sadaka, macho makavu. Aliposikia habari ya pikipiki aliuliza neno moja tu, kama viganja vilikuwa viwili. Zuleha alipoitikia, bibi yule alitoka uani akasimama akiutazama mteremko mpaka ukungu ulipoondoka.

Tangu siku hiyo Bi Siti aliamka kabla ya adhana, akapika chai ya tangawizi kama aliyoipenda mwanawe, akaweka kikombe nje ya kizingiti. Kulipokucha kikombe kilikuwa kitupu. Hawakulizungumza jambo hilo. Zuleha aliondoka kila alfajiri akisukumwa, na kwa wiki mbili nyumba ile ilikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Jairo, fundi pikipiki wa karibu na kituo cha mabasi, alimwambia ana betri nzuri ya kumfungia, hata kama atalipa baadaye. Zuleha alimshukuru, akasema bado. Aliogopa kwamba siku pikipiki itakapowaka kwa kidole, hakutakuwa na sababu ya mtu kuja kusukuma.

Wiki ya tatu mambo yalianza kwenda kombo.

Kwanza ilikuwa harufu. Mikono ile ilikuwa ikija na harufu ya gundi ya viraka na mpira ulioungua, harufu ya Idrisa, na Zuleha alikuwa akiivuta kwa pumzi ndefu. Asubuhi moja, chini ya ile ya Idrisa, alisikia harufu nyingine, kama maji yaliyolala mtaroni siku nyingi. Kesho yake ilizidi. Halafu mikono ikaacha kuondoka injini inapowaka. Iliendelea kukaa mgongoni, haisukumi, imekaa tu, mpaka nusu ya mteremko. Kisha ikawa mpaka mwisho wa mteremko.

Kisha akasikia sauti. "Achia," ilisema, na ilikuwa sauti ya Idrisa hasa, ule mkwaruzo wa mtu asiyenywa maji asubuhi. Zuleha aliinua mguu, pikipiki ikawaka, na alikuwa ameshafika barabarani alipotambua kilichomtia ubaridi. Sauti ilitoka sikioni kwake, karibu kiasi cha kugusa ushungi. Na viganja vilikuwa mgongoni, kama vya mtu aliyenyoosha mikono. Hakuna mtu mwenye mikono iliyonyooka ambaye mdomo wake unaweza kufika pale.

Kesho yake alikwenda tena, kwa sababu madereva walikuwa wakingoja, na kwa sababu, kama alivyokiri baadaye, bado alitaka kuisikia ile sauti. Ukungu ulikuwa mzito. Injini iliwaka mapema, akatia breki ili apunguze mwendo kabla ya kona, lakini mikono ikasukuma, akabana breki zaidi, mikono ikasukuma zaidi, na gurudumu la nyuma likaanza kuburuzika juu ya changarawe bila kusimama, na ile harufu ya maji yaliyooza ikamjaa puani na mdomoni, na sauti ya mumewe ikawa inasema achia, achia, achia, polepole, kwa mapenzi, ilhali mguu alikuwa ameshauinua zamani na hakuna kitu kilichobaki cha kuachia isipokuwa usukani wenyewe, na mbele yake taa za lori zikatokea ukunguni zikiwa kubwa kama milango miwili, naye akajitupa ubavuni pamoja na ndoo na pikipiki, akalala mtaroni huku lori likipita na honi yake ikilia mpaka mbali.

Alirudi nyumbani akichechemea. Bi Siti alimfunga goti kwa kitambaa.

Siku hiyohiyo Zuleha alimfuata Maalim Abdulwahab, aliyefundisha watoto Kurani na kuuza viungo sokoni. Maalim alikuja baada ya alasiri, akasoma ndani, uani na juu ya pikipiki, akanyunyiza maji aliyoyasomea. Alipomaliza alikuwa ametota jasho. Aliwaambia kwamba maiti hasukumi pikipiki. Hili ni jini la njiani, limevaa kilio cha nyumba hii. Linajua yaliyosemwa ndani ya kuta hizi na linatumia hayo tu. Akasema amelisogeza mpaka kizingitini, lakini hawezi kulitoa, kwa sababu ndani ya nyumba kuna mtu anayelikaribisha. Wakati akisema hayo alikuwa akitazama kikombe alichoshika Bi Siti.

Zuleha alifunga betri ya Jairo jioni ile. Asubuhi alibonyeza stata, pikipiki ikawaka, akashuka mteremko peke yake na mgongo wake mtupu. Lakini asubuhi ya pili stata ilikuwa kimya. Alipofungua kifuniko alikuta nyaya zimechomolewa na betri haipo.

Alimkuta mama mkwe jikoni, akamuuliza kwa upole betri iko wapi. Bi Siti alisema ameitupa chooni.

"Mama, lile lilitaka kuniua."

"Wewe utaolewa tena," alisema Bi Siti, sauti yake ikiwa chini kabisa. "Mimi nitamzaa nani?"

Zuleha alibeba ndoo kichwani akashuka kwa miguu kwenda kuuza. Usiku, kabla ya kulala, alisema tu kwamba kesho ataiuza pikipiki.

Alfajiri alizinduliwa na sauti ya matairi uani. Kitanda cha Bi Siti kilikuwa kitupu na mlango ulikuwa wazi. Alitoka mbio bila viatu. Mwanzoni mwa mteremko alimwona mama mkwe wake, bibi wa miaka zaidi ya sitini ambaye hajawahi kupanda pikipiki, ameketi juu yake, mguu mmoja umeshindilia gia kama alivyomwona mkwewe akifanya. Pikipiki ilikuwa imeanza kwenda. Nyuma yake hakukuwa na mtu, lakini changarawe zilikuwa zikididimia, moja baada ya nyingine, kwa nyayo zisizoonekana. Mgongoni mwa bibi, khanga ilikuwa imebonyea mahali pawili.

Zuleha alidaka keria. Ilikuwa kama kudaka gari. Ilimburuta hatua tano, kumi, magoti yakichunika, akimwita mama mkwe ashuke. Bi Siti hakugeuka. Uso wake ulikuwa umetulia, umeelekea kule chini malori yanakopita, na midomo yake ilikuwa ikizungumza na mtu. Zuleha alisikia jibu. Sauti ya Idrisa ilikuwa imejaa machozi, tamu kuliko alivyowahi kuisikia uhai wake wote.

"Usiogope, mama," ilisema. "Mama uliyenizaa. Achia."

Bi Siti aligeuza kichwa taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Umesema nini?"

"Mama uliyenizaa," ilirudia sauti.

Bi Siti aliteremsha miguu yote miwili akaikita kwenye changarawe. Kandambili moja ilikatika. Pikipiki iliyumba, ikamwangusha ubavuni, na Zuleha akamwangukia. Walilala pale wameshikana, na ile harufu ya maji mabovu ikiwa juu yao kama turubai.

"Idrisa sikumzaa mimi," Bi Siti aliiambia ile harufu. Alisema bila hasira. "Na yeye alijua. Nilimwambia akiwa na miaka kumi na miwili, mbali na nyumba hii, na hakuniita hivyo hata siku moja. Wewe si mwanangu. Nenda."

Hakukuwa na kishindo. Pikipiki ilijiinua, ikasimama wima kwa muda kama inayosikiliza, kisha ikashuka mteremko peke yake, bila injini, bila mtu, ikazama ukunguni. Baadaye walisikia chuma kikigonga chuma kule chini. Harufu ikaondoka. Ndipo Bi Siti, aliyekuwa hajalia kwa miezi mitano, akaweka uso wake mapajani kwa mkwewe na kulia mpaka jua likatoka, na majirani waliokuwa wakienda msikitini wakapita wakainamisha macho.

Siku hiyo alimweleza Zuleha yote. Katikati ya miaka ya themanini, watu walipojaa Saza kuchimba dhahabu, yeye alikuwa akiwapikia wachimbaji na hakuwa na mtoto. Binti mmoja wa hapo aitwaye Ferista alijifungua bila mume, na baba yake alikuwa amemfukuza. Alimpa Bi Siti mtoto akiwa na siku tisa. Idrisa alipokuwa mtu mzima, alianza kwenda Saza kila mwaka baada ya mavuno, akiaga kwamba anatafuta matairi ya mtumba. Ferista alikuwa hai mpaka leo. Na tangu jeki ile iteleze, Bi Siti hakuwa amemtumia hata salamu. Alikuwa na mdomo wa kuwaambia watu wote, alisema, ila huyo mmoja.

Walikwenda wiki iliyofuata, kwanza kwa basi dogo, kisha wakapakizwa kwenye gari la mizigo lililopanda kwa tabu barabara ya vumbi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ina mapapai mawili. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi barazani akipepeta mahindi, na alipoinua uso Zuleha akashikwa na kizunguzungu, kwa sababu paji lile na nyusi zile alivijua, alikuwa amelala kando yavyo miaka minne.

Ferista alimtambua Bi Siti mara moja. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaja kuwalaki akicheka kwa furaha. Akawakumbatia wote wawili. Kisha akatazama nyuma yao, kule njiani, akasogea pembeni kidogo ili aone vizuri, akabaki akimngojea mwanawe amalize kushusha mizigo.