Gunia la Subira Ziwani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Subira alifagia uwanja, akaosha sufuria za jana, kisha akaenda kuliangalia ziwa. Hiyo kazi ya mwisho hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, na aliifanya kwa ukali kuliko zile nyingine.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, katikati ya mtaa wao hapo Kasongo. Zamani watu walichimba udongo wa matofali mahali pale, mvua ikajaza shimo, na maji hayakuondoka tena. Kwa miaka mingi likawa jalala la chupa na matambara, na mbu wake walitosha mji mzima. Ndipo Mama Darlène, fundi wa kushona karibu na msikiti, alipochoka kulalamika, akaanza kuwaita majirani kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kila Jumamosi. Hakuna aliyelipwa. Watu waliingia majini mpaka kiunoni, wakatoa uchafu, wakapanda nyasi ukingoni, na mwishowe wakatia vifaranga vya tilapia.

Subira, mwenye miaka kumi na miwili, hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa pia na mdomo mkali. Ukitupa mfuko karibu na ziwa, atakukemea mpaka uuokote. Watoto wenzake walimwita Komanda, naye alijifanya anachukia jina hilo.

Amri za ziwa zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, hakuna kuosha pikipiki ukingoni. Ya pili, hakuna kuloweka mihogo. Hii ya pili iliwauma watu. Mihogo michungu lazima ikae majini siku kadhaa mpaka ilainike, ndipo ianikwe na kutwangwa unga wa bugali. Lakini maji yake huoza, na samaki hawayawezi. Kwa hiyo wenye salongo walichimba shimo la kulowekea mbali, chini kabisa kwenye mashamba, na kila nyumba iliambiwa ipeleke mihogo huko.

Asubuhi moja Subira alifika ziwani akakuta samaki wanaelea, matumbo juu. Walikuwa wengi. Harufu ilimfikia kabla hajafika ukingoni. Hii ilikuwa mara ya pili samaki kufa hivyo, na hawa waliotiwa baada ya wale wa kwanza walikuwa wamefika ukubwa wa kiganja.

Mama Darlène alikuja na futi yake ya kupimia nguo bado shingoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nimechoka," alisema. "Jumamosi tutakutana hapa. Tusipompata anayetuharibia, mimi narudi kwenye cherehani yangu, na ziwa lirudi kuwa jalala. Sitaita mtu tena."

Subira aligeuka. Akamwona Atumani, kijana anayeosha pikipiki za watu, amesimama barabarani na ndoo zake.

"Ni yeye," alisema kwa sauti. "Sabuni yake inateremka mpaka majini."

"Komanda, uliona?" Atumani aliuliza. "Mimi nilihamia huku juu siku ile ile mliponiambia."

"Kila mtu anajua," Subira alijibu, akashika njia ya shule.

Hakufika mbali, akapunguza mwendo. Kuna jambo alilijua. Siku tatu nyuma mama yake alimtwisha gunia la mihogo, alipeleke shimoni. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya mashambani ilikuwa tope tupu, na shingo ilimuuma. Akapita nyuma ya matete, akalizamisha gunia ziwani, akalifunga kwa kamba kwenye kisiki. Gunia moja tu, alijiambia. Ziwa lote hili, gunia moja litalifanya nini?

Siku zilizofuata Subira alikuwa na hasira na kila kitu. Alimkasirikia mama yake kwa kumtuma, akalikasirikia shimo kwa kuwa mbali. Alimkasirikia hata Atumani, kwa kuwa hakubishana vya kutosha. Alitaka kwenda kulitoa gunia, lakini mchana watu hawakwisha pale. Akabaki anajirudia kwamba ni sabuni.

Jumamosi watu walijaa ukingoni, kila mmoja akisema lake. Bibi Latifa, jirani yao, ndiye aliyemsema Atumani kuliko wote. Mwishowe Papa Kamaldine, mkubwa wa mtaa, aliinua mkono.

"Atumani, beba ndoo zako," alisema. "Kuanzia leo huoshi tena pikipiki karibu na ziwa hili."

"Papa, nitakula nini?" Atumani aliuliza. "Nimefanya kila mlichoniambia."

Aliinama, akaanza kupanga ndoo zake moja ndani ya nyingine. Subira alimtazama akishindwa kuichomeka ya mwisho. Hapo alishindwa kuvumilia.

Aliingia majini na nguo zake za salongo, akapita kwenye matete, akafungua kamba. Gunia lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Alipoliburuta mpaka nchi kavu, watu walishika pua.

"Ni langu," alisema, machozi yakimtoka. "Mama alinituma shimoni, nikachoka. Atumani hakufanya kitu. Nilimsingizia."

"Subira," mama yake alisema taratibu, "mimi nilikutuma wapi?" Aibu ilimjaa mama wa watu, akakosa pa kutazama.

Mama Darlène aliliangalia lile gunia, akawaangalia watu.

"Gunia moja haliui samaki wote wale," alisema.

Bibi Latifa akakohoa.

"Langu liko pale karibu na jiwe," alisema, macho chini. "Mgongo wangu hauwezi njia ile."

Baba mmoja akavua viatu. Mama mwingine akakunja kitenge. Kisha Papa Jean-Baptiste, mume wake Mama Darlène mwenyewe, akaingia majini bila kumtazama mkewe, akatoka na magunia mawili. Wengine wangecheka, lakini hakuna aliyethubutu.

Magunia yalipangwa ukingoni, yanatiririka maji meupe yenye uvundo. Mama Darlène alipita akiyahesabu.

"Kumbe kila Jumamosi tunasafisha, na wiki nzima tunachafua wenyewe," alisema. "Kila mmoja alisema, langu ni moja tu. Na mimi nina kosa. Tulichagua mahali pa shimo bila kuwauliza wanaobeba."

Siku hiyo hiyo walichimba shimo jipya, karibu na nyumba, upande wa chini wa mfereji unaotoa maji ziwani, ili maji ya mihogo yasirudi tena. Papa Kamaldine alimwomba Atumani radhi mbele ya watu, akamwambia arudishe ndoo zake mahali pake. Subira naye alimwendea, hajui aanze na neno gani.

"Nisamehe, kaka," alisema.

Atumani alimtazama kidogo, kisha akampa jembe. "Chimba, Komanda. Tutaongea tukimaliza."

Jioni, watu wakiondoka na matope yao, Subira alimwambia Mama Darlène kwamba hatamkemea mtu tena maisha yake yote.

"Hapana, mwanangu, ziwa linahitaji wa kulikemea," Mama Darlène alisema. "Ila leo hukumfanya mtu atoe gunia lake kwa kumkemea. Ulitoa lako kwanza, sote tukiona, ndipo na sisi tukaona haya tukatoa yetu. Kosa lako ukilikiri mapema, hata likiwa dogo, haliwi mzigo wa mtu asiye na hatia. Sasa nenda ukaoge, unanuka mihogo."