Gari Lenye Macho Mdomoni

Maiti ilikuwa imelazwa vizuri mno.

Hilo ndilo jambo la kwanza lililomsumbua Inspekta Msaidizi Adinani Chilumba aliposhuka kwenye Landrova ya polisi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Septemba mwaka 1956, kandokando ya barabara ya vumbi itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa, karibu na Nandagala.

Mtu aliyegongwa na gari hutupwa. Huyu alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, upande wa Kibla. Macho yamefumbwa. Kidevu kimefungwa kwa kipande cha bafta nyeupe, fundo likiwa utosini.

"Ni Salimu Nampunju, afande," alisema Konstebo Gaudens. "Ngariba. Wanaume wengi wa Ruangwa wamepita kwenye kisu chake."

"Na wewe?"

"Mimi nilitahiriwa hospitali ya misheni. Wenzangu wananicheka mpaka leo."

Adinani hakucheka. Alikuwa amechuchumaa akitazama alama za magurudumu. Gari lilikuwa limekuja sawasawa barabarani, kisha likakata kushoto, likaingia kwenye kijia cha waenda kwa miguu. Hapakuwa na alama ya breki. Vipande vya kioo cha taa vilimetameta mchangani.

"Hii si ajali," alisema polepole. "Amefukuzwa mpaka kwenye majani. Halafu aliyemuua akashuka, akamlaza, akamfunga kidevu."

"Mtu anaua, kisha anaosha mikono kwa adabu?"

"Sijui bado. Andika tu ulivyoona."

Aliishika ile bafta. Ilikuwa mpya, wanga wa dukani haujatoka. Ilichanwa, haikukatwa.

Shahidi alikuwa mmoja. Bibi Mwamini alikuwa amekesha kwenye dungu lake, akilinda mihogo isiliwe na nguruwe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kikichanganyika na Kimwera.

"Niliona motokari," alisema. "Kunapambazuka. Dogo. Linakimbia kama linafukuzwa."

"La rangi gani, bibi?"

"Leusi. Motokari zote nyeusi kukiwa na giza, mwanangu."

"Taa zilikuwa zinawaka?"

"Zinawaka. Macho yake hayakuwa huku." Aligusa paji la uso. Kisha akashika mashavu yake, karibu kabisa na midomo. "Yalikuwa huku. Mdomoni. Nikasema, mnyama gani huyu anaona kwa mdomo?"

Gaudens aliinua kichwa. "Moris Maina la zamani, afande! Lile taa zake ziko chini, pembeni mwa grili. Wilaya hii nzima mimi nalijua moja tu. Analiendesha Eustace, yule Mmakonde wa mnunuzi wa korosho."

Kabla ya saa sita mchana Eustace alikuwa ndani ya mahabusu ya kituo cha Ruangwa. Tajiri wake alikuwa safarini Dar es Salaam. Gari lilikuwa mkononi mwake, alfajiri hiyo alilitoa Nachingwea, na taa yake ya kulia haikuwa na kioo.

"Ilivunjwa na jiwe wiki iliyopita," Eustace alisema. "Lori lilirusha jiwe. Ngariba wa watu nimuue kwa lipi? Simjui hata sura."

"Nani aliiona ikiwa imevunjika?"

"Fundi Amri wa Nachingwea. Nilikwenda kwake na mke wangu kutafuta kioo, akaniambia hana. Muulize, baba. Yeye ni mtu wa haki."

Nje, mke wake Magreti alikuwa amefika na ugali umefunikwa kwa kitambaa. Askari wa zamu aliupokea mlangoni.

"Atakula kweli?" Magreti aliuliza.

"Atakula, mama. Nenda."

Jioni ile na siku iliyofuata alikuja tena, na kila mara aliuliza swali lilelile.

Mkuu wa polisi wa wilaya, Mzungu mwenye sauti kavu, hakutaka maneno mengi. "Gari ni hilo. Taa imevunjika. Jumatatu lori linampeleka Lindi, ashitakiwe kwa kuua. Kuna nini tena?"

"Kuna nyigu, bwana mkubwa."

"Nini?"

"Ndani ya ile taa nyigu amejenga kiota cha udongo. Kimekauka, na kimeshaanza kuzibwa. Hajengi hivyo kwa asubuhi moja. Taa ilikuwa wazi kabla Salimu hajafa."

"Inspekta, utampandisha nyigu kizimbani aape?"

"Hapana, bwana mkubwa."

"Basi niletee mtu. Una mpaka Jumatatu."

Adinani hakuwa mtu wa kubishana. Kazi hii alijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya kuazima na kutazama mambo mara mbili. Jumamosi alikwenda Nachingwea na Gaudens, kwa daktari wa serikali aliyeipasua maiti.

"Hakufa papo hapo," daktari alisema. "Miguu imevunjika kwenye usawa wa bampa la gari dogo, na amevuja damu tumboni. Labda nusu saa. Kidevu kilifungwa baada ya kufa."

"Yaani muuaji alikaa naye mpaka akakata roho."

"Ndivyo inavyoonekana."

Nje ya hospitali lilisimama gari la daktari, nalo ni Moris Maina, ila nyuma lilikuwa refu kama kasanduku, limeungwa kwa mbavu za mbao. Adinani alilizunguka.

"Daktari, hili na lile la Eustace ni ndugu?"

Daktari alikuwa akilipenda gari lake kuliko maongezi ya maiti. Alifungua bonneti mara moja. "Ni tumbo moja. Lilipoanza kutengenezwa, baada ya vita, taa zilikuwa chini kando ya grili. Baadaye wakazipandisha juu ya madigadi. Kisha wakabadilisha injini. Mwishoni ndipo wakaleta grili hii ya vyuma vya kulala. Tazama plagi zangu, ziko ubavuni mwa injini. Ile injini ya mwanzo plagi zake zimesimama juu, kichwani."

"Na grili hii ya vyuma vya kulala, inaweza kutoka kiwandani na injini ile ya mwanzo?"

"Haiwezi. Injini ile ilishaachwa zamani wakati grili hii inaanza."

Adinani alishukuru. Wakati huo hakujua kwa nini aliuliza. Alipenda tu kuelewa kitu mpaka mwisho.

Karakana ya Fundi Amri ilikuwa pembeni ya mji, mahali ambapo mashine za mradi wa karanga ziliachwa zikaota kutu. Adinani alikwenda kwa jambo dogo: kuthibitisha maneno ya Eustace. Alikuta majamvi yametandikwa uani na watu wamekaa kimya.

"Kuna msiba?" alimuuliza mtu wa mlangoni.

"Mtoto wa fundi, Seleman. Yule wa pekee. Amefia jandoni."

Adinani alivua kofia, akavua viatu, akakaa na kusoma Fatiha. Kisha akapeana mkono na Amri, mtu mrefu mwenye macho mekundu.

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu amrehemu kijana."

"Amina."

"Nisamehe, najua si wakati wake. Nina swali moja tu. Eustace anasema alikuja kwako wiki iliyopita kutafuta kioo cha taa."

Amri alitikisa kichwa. "Sikumbuki. Hakuja."

Kulthumu, mke wake, alikuwa akipita na sinia. Alisimama. "Eustace? Si yule Mmakonde aliyekuja na Magreti, baba Seleman? Ukamwambia vioo vya taa zile havipatikani tena?"

"Wanakuja wengi," Amri alisema bila kumtazama. "Huenda nimesahau."

Adinani hakumkatiza. Mtu mwenye msiba husahau, alijiambia. Lakini puani mwake mlikuwa na harufu ambayo haikuwa ya ubani wala ya wali wa msiba. Ilikuwa harufu ya rangi mbichi.

"Naweza kuliona gari lako, fundi?"

"Gari langu lina taa za juu."

"Sijasema ninatafuta taa gani."

Watu wawili kwenye majamvi waligeuka. Amri aliinuka taratibu, akatangulia kwenda nyuma ya karakana.

Lilikuwa Moris Maina jeusi. Madigadi yenye taa za juu, grili yenye vyuma vya kulala. Uso uleule wa gari la daktari. Rangi ilikuwa imepakwa kwa brashi, na kidole cha Adinani kilinata.

"Umelipaka lini?"

"Jana."

"Ijumaa. Mwanao ana matanga, nawe unapaka rangi gari."

"Kila mtu analia kwa namna yake, afande."

"Kweli. Fungua bonneti."

Amri hakusogea. Gaudens alilifungua. Plagi zilikuwa zimesimama juu, kichwani mwa injini.

Adinani alizitazama, akazitazama tena. "Fundi, wewe wajua kuliko mimi. Injini hii haikuzaliwa na uso huu. Uso wake wa kwanza ulikuwa na macho chini. Uko wapi?"

"Nimenunua mkangafu wa gari Masasi. Nimeunganisha. Ndiyo kazi yangu."

"Sikatai. Uso wa zamani uko wapi?"

Kutoka uani ilisikika sauti ya mwanamke akilia.

"Afande," Gaudens aliita kwa sauti ya chini. Alikuwa amefungua mlango wa gari. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na bafta mpya iliyokunjwa, wanga wake haujatoka. Upande mmoja ulikuwa umechanwa, ukanda mzima umetoka.

Adinani aliichukua kwa mikono miwili. Hakuiweka chini wala hakuinyanyua juu. "Ni ya nani hii?"

"Ya Seleman," Amri alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ya kutokea jandoni."

"Amri, Jumatatu Eustace anapelekwa Lindi. Kule kuna kitanzi. Ulijua taa yake ilivunjika kabla. Ulijua, ukasema hukumbuki."

Amri aligeuza uso.

"Mke wake analeta chakula kituoni asubuhi na jioni. Anakitoa mlangoni, haruhusiwi kumwona. Anauliza, atakula kweli? Tunamwambia, atakula, mama, nenda. Siku Eustace atakaponyongwa, unafikiri Magreti ataambiwa lini?"

Amri alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu, rangi mbichi ikimpaka shati.

"Usiseme hivyo," alinong'ona. "Kila kitu sema, hilo usiseme."

"Basi sema wewe."

Gaudens alitaka kuuliza, Adinani akamzuia kwa mkono.

"Jumatano watoto walitoka kambini," Amri alianza. "Ngoma inalia. Nimekwenda na bafta yangu. Wametoka wote, wamevishwa, mama zao wanapiga vigelegele. Mimi ninaendelea kutazama njia. Salimu akanishika bega. Akasema, fundi, wako alituacha siku tatu baada ya kisu."

Adinani aliifahamu mila hiyo. Yeye mwenyewe alipita kambini. Mtoto akifia jandoni hatangazwi. Ngoma haikatizwi, na chakula cha nyumbani kwao hupokelewa kama kawaida mpaka siku ya kutoka, ili wengine wasivunjike moyo.

"Unaijua mila, Amri."

"Naijua! Mdogo wangu alifichwa hivyohivyo, baba akavumilia. Nami ningevumilia." Alipiga kifua chake. "Mwezi mzima nimeendesha gari hili kupeleka chakula. Ninamkabidhi Salimu mkononi. Angepokea tu akanyamaza, ningesema ni mila. Yeye alikuwa ananiambia, mwanao anakula vizuri, fundi, siku hizi anapenda kuku. Ongeza kuku. Nikaongeza. Kulthumu alichinja mpaka kuku anayetaga. Tukafurahi. Usiku tunasema, mtoto anakua."

Alifuta uso kwa kiganja.

"Kuku waliwala wao. Mtoto yuko chini ya ardhi, Salimu anafuta mafuta ya kuku mdomoni na kuniambia anapenda mapaja."

"Ukamsubiri."

"Nililala garini. Alfajiri nikamwona anarudi kwake na mfuko wake. Nikakanyaga mafuta. Aliruka majanini, nikamfuata. Nilitaka, afande. Siwezi kusema sikutaka."

"Halafu ukashuka."

"Nilishuka nimtukane. Nikamkuta hai. Akanishika mkono. Hakusema kitu, alinishika tu. Nikakaa. Alipokata roho nikamtazama vile mdomo wazi..." Aligusa kidevu chake. "Seleman wangu sijui nani alimfunga kidevu. Sijui kama alielekezwa Kibla. Kule porini hawakunionyesha hata kaburi, walinionyesha majani. Nikashindwa kumwacha yule vile. Nikachana nguo ya mwanangu."

Uso wa zamani wa gari waliufukua nyuma ya karakana, chini ya vyuma vya matrekta. Taa ya kulia haikuwa na kioo. Vipande vilivyookotwa Nandagala viliingia kwenye ukingo wake bila kusukumwa.

Kulthumu alisimama mlangoni wakati pingu zinafungwa. Hakupiga kelele. "Baba Seleman," alisema tu, "na wewe nikuletee chakula wapi?"

Adinani ndiye aliyejibu. "Ruangwa, mama. Kisha Lindi. Na utamwona kwa macho. Hilo nitalisimamia mimi."

Walifika Ruangwa jua likielekea kuzama. Magreti alikuwa tayari mlangoni pa kituo na bakuli lake. Adinani alipita, akafungua mahabusu, akatoka na Eustace amemshika mkono.

"Mama, mchukue mtu wako. Leo mtakula nyumbani."

Magreti alimtazama mumewe tangu kichwani hadi miguuni. Kisha akatandika khanga kwenye ngazi ya kituo, akafunua bakuli.

"Hapana," alisema. "Kaa. Utakula hapahapa, nikuone."

Eustace alikaa, akanawa, akala. Magreti alilifuata kila tonge kwa macho. Ndani ya Landrova, nyuma ya wavu, Amri naye alikuwa akitazama, na Adinani hakumtoa mpaka bakuli lilipokwisha.